Kuwalea Watafiti Chipukizi wa Makazi: Ombi kwa Majirani wa Hekalu

Hotuba iliyosomwa ukumbini katika jioni ya pili ya maadhimisho



Barua ya kamati ilipotufikia ikitutaka tuseme neno katika sherehe hizi, tulikaa tukashauriana. Sisi ni walimu wanne. Wawili tumekwisha kustaafu, wawili bado tunafundisha, na kwa miaka mingi kazi yetu imekuwa kuwasimamia vijana wanaotafiti habari za makazi: nani anaishi wapi katika mji huu, kwa kodi gani, kwa hati gani, na nani hana pa kulaza ubavu. Mmoja wetu alizaliwa mtaa wa nyuma ya hekalu hili, na utotoni mwake alikuwa akitumwa na mamake kuja kuteka maji kwenye mfereji wenu wa uani. Mwingine ni mwana wa jumuiya hii. Tungeweza kuleta pongezi kisha tukaketi, na pongezi tunazo tele. Lakini tuna ombi pia, na ombi lenyewe haliwezi kueleweka mpaka tumekiri kosa letu.

Kwanza tuseme tunaowazungumzia ni akina nani. Mtafiti chipukizi ni kijana aliyemaliza shahada ya kwanza akaingia katika uzamili au uzamivu, au amehitimu juzi na hajapata kazi ya kudumu. Elimu anayo, mshahara hana. Hupata kazi ya miezi mitatu katika mradi wa mtu mwingine, kisha miezi minne ya kungoja, kisha miezi miwili tena ya kazi. Akitaka kwenda nyanjani yampasa kupata idhini ya kamati ya maadili, kisha leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, kisha ajitambulishe kwa wakuu wa eneo, hadi kwa mzee wa mtaa. Taratibu hizo hatuzilalamikii, kwani zinawalinda wanaohojiwa. Ila barua zinapozunguka kutoka meza hadi meza, kodi ya chumba cha kijana huyo haizungushwi.

Mtauliza, kwa nini mambo ya makazi yatafitiwe hapa kwetu na vijana wetu? Wenye umri wetu mtajua kwamba Mombasa ni chuo cha makazi tangu zamani. Chukueni nyumba za Majengo. Mtu alijenga nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ujia katikati, vyumba huku na huku na uani nyuma, akaijenga juu ya kiwanja cha mtu mwingine, akawa analipa kodi ya ardhi kila mwezi. Kuta na paa ni zake, udongo si wake. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilikuwa imewataka watu wa pwani wathibitishe madai yao ya ardhi, na waliojaliwa hati hawakuwa wengi. Waliobaki walijenga juu ya ardhi za waliojaliwa. Hii ndiyo «nyumba bila ardhi», na wako katika ukumbi huu wajukuu wa waliopokea kodi ile na wajukuu wa walioilipa, wameketi mkeka mmoja. Vyumba vya nyumba hizo ndivyo vilivyowapokea wageni wa bara na wa ng'ambo waliokuja kutafuta kazi bandarini, ambao serikali ya kikoloni iliwahitaji mikono yao bila kujali sana walilala wapi.

Mwaka 1939 wafanyakazi wa mji huu waligoma. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Willan iliketi kusikiliza, na miongoni mwa mambo yaliyojitokeza mapema ni vyumba na kodi. Maneno yaliyoandikwa wakati ule ndiyo yaliyomwezesha mwanahistoria Frederick Cooper, karibu nusu karne baadaye, kuandika kitabu chake juu ya wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, kilichotoka 1987. Kabla yake alikuja Richard Stren, Mkanada, akiwa bado kijana katika miaka ya 1960. Alizunguka katika ofisi za baraza la mji na mitaani akiuliza nyumba za umma zinajengwa kwa ajili ya nani na zinaishia mikononi mwa nani. Kitabu chake juu ya makazi ya maskini wa Mombasa kilichapishwa 1978. Twamtaja kwa sababu moja: alikuwa chipukizi, na watu wa mji huu walimfungulia. Walimpa majalada, wakampa kiti, wakamjibu. Tunajiuliza mara kwa mara kama kijana wa Kisauni au wa Changamwe angepewa kiti kile kile.

Nairobi nako mambo yalikuwa hivyo. Mwaka 1971 kitengo cha utafiti wa nyumba katika Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa uchunguzi wake juu ya Bonde la Mathare, kazi ya timu iliyopima vibanda na kuhesabu wakazi wakati ambapo wengi walidhani dawa ya Mathare ni tingatinga. Miaka michache baadaye mwanafunzi wa uzamivu, Philip Amis, aliamua kuifuata kodi. Watu walikuwa wakisema kwamba wakazi wa mitaa ile ni wavamizi waliojijengea wenyewe. Yeye aliuliza kila mwezi pesa inakwenda kwa nani, akagundua kwamba wengi walikuwa wapangaji kama wapangaji wengine, na kwamba vibanda vile vilikuwa biashara yenye faida nono. Makala yake ya 1984 ilibadili mazungumzo. Ukibomoa kibanda ukidhani unamwadhibu mvamizi, kumbe umemfukuza mpangaji aliyelipa, na mwenye kibanda yuko kwingine kabisa.

Tuna jambo la kuwaeleza ninyi hasa, ndugu wa jumuiya hii. Wengi wenu mna jamaa Uingereza. Mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa Uganda, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije, kwa kuwa mji umejaa. Walikwenda, na wako huko mpaka leo. Lakini wahamiaji walipewa nyumba gani katika miji ile? Hilo halikujulikana kwa minong'ono. Katika mji wa Birmingham watafiti wawili, Jeff Henderson na Valerie Karn, walichunguza jinsi halmashauri ilivyogawa nyumba zake, na kitabu chao cha 1987 kikaonyesha jinsi familia za Waasia na za watu weusi zilivyoishia katika nyumba duni, katika ugawaji uliodai kwamba haubagui. Leo chama cha wataalamu wa makazi cha Uingereza, Housing Studies Association, hutoa tuzo yenye jina la Valerie Karn kwa makala bora ya mtafiti anayeanza. Tuzo si kitu kikubwa. Ila mtu wa miaka 27 anayejua kwamba kuna watu wazima wanaosubiri kusoma alichoandika hufanya kazi kwa moyo mwingine.

Sasa turudi nyumbani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayofaa. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kila mmoja wetu anayeajiriwa ni mshirika katika jambo hili, apende asipende. Nani atafuata kuona nyumba hizo zimemfikia nani? Katika sensa ya familia za mitaani ya 2018 walihesabiwa watu 46,639 nchi nzima, na kati yao 7,529 walikuwa Mombasa, kaunti ya pili baada ya Nairobi. Nambari hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu alitembea na tochi na karatasi. Tena nambari za makazi ni kitu cha kuangaliwa kwa makini: kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, na sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Waliobisha walikuwa na hoja zao, nasi hatutaingia katika ubishi huo usiku huu. Lakini tofauti kati ya milioni na laki moja na sabini elfu ni tofauti ya vyoo vingapi vijengwe.

Hapa ndipo tufikie kosa letu, au tuseme makosa, maana ni mawili.

Miaka kadhaa iliyopita kijana wetu mmoja alitaka kuandika juu ya wanaolala nje karibu na Marikiti. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: hawa wanaoonekana wamelala barazani mwa maduka saa tisa za usiku, saa tisa za mchana wako wapi? Akaanza kwenda usiku. Alikuta mahamali ambao mchana wao unajulikana na kila mfanyabiashara sokoni, kwani ndio wanaobeba magunia yake. Usiku hulala juu ya mikokoteni yao. Mmoja alimwambia kwamba nyumba anayo, mbali ndani ya Kwale, na mke na watoto wamo. Lakini akienda na kurudi kila siku, nauli inakula chakula cha watoto wale wale, na akichelewa alfajiri mzigo wa kwanza anauchukua mwingine. Kijana akarudi kwetu akauliza: huyu ana makazi au hana? Hojaji tuliyomtengenezea ilikuwa na visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana. Tulitazamana.

Usiku wa nne askari wa doria walimkamata pamoja na aliokuwa akizungumza nao. Barua yake ya kibali haikuwa mfukoni. Ilikuwa katika dawati letu, kwa sababu mmoja wetu aliichukua kutoa nakala akasahau kuirudisha. Alitupigia simu, na simu zetu nne zilikuwa zimezimwa, wenyewe tumelala. Alikaa rumande hadi asubuhi. Jambo moja tulikuwa tumemfundisha vyema: hakuandika jina la mtu yeyote katika daftari lake, hivyo lilipochukuliwa na kusomwa halikumdhuru mtu. Lakini watu wa sokoni walimwona akipandishwa kwenye gari na askari, akaonekana tena mchana wake akiwa huru, wakasema ni mpelelezi. Hakuweza kurudi. Shahada aliipata; sura ya usiku katika tasnifu yake ilibaki kurasa 11.

Tangu siku hiyo tuna kanuni: mtafiti wetu akiwa nje usiku, mmoja wetu yuko macho, simu mkononi, na anajua ni mtaa gani. Mke wa mmoja wetu huuliza kama tumepata kazi ya ubawabu uzeeni.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mwaka 2021 nyumba za zamani za Buxton zilianza kubomolewa ili zijengwe mpya. Binti mmoja aliyekuwa chini yetu aliamua kuzifuata familia zilizohama. Wapangaji waliokuwa majirani miaka na miaka walikuwa wametawanyika: wengine Mishomoroni, wengine Likoni, wengine wamerudi bara kabisa. Aliwatafuta mmoja mmoja, kwa simu, kwa jamaa, kwa walimu wa watoto wao. Aliuliza habari za kodi, naam, lakini aliuliza pia nani anamshikia mama mtoto anapokwenda kazini, na mzee mgonjwa anasindikizwa hospitali na nani sasa. Alijaza daftari nane kwa mwandiko mdogo ulionyooka.

Posho yake ilitoka katika mradi mkubwa wenye wakuu walio mbali. Ikachelewa mwezi, ikachelewa mitano. Mwenye nyumba wake akafunga kufuli mlangoni, na vitu vyake vimo ndani. Binti akalala sebuleni kwa binamu yake, kisha binamu akapata wageni, kisha akawa anakaa maktabani mpaka taa zizimwe, na baada ya hapo hatujui, wala hatukuthubutu kuuliza sana. Wakati huo wote alikuwa akija kwetu kila Alhamisi. Tulizungumza naye saa nzima juu ya maana ya neno «makao» katika sura yake ya pili, tukarekebisha vituo vyake vya kuandika, wala hakuna hata mmoja kati yetu wanne aliyemuuliza analala wapi. Tulikuja kuambiwa na mlinzi wa lango. Wakati huo alikwisha kuacha masomo. Leo ameajiriwa katika duka la simu.

Hatusemi haya ili tuonewe huruma. Tunayasema kwa kuwa kijana anayetafiti makazi haiangalii shida ya nyumba kwa dirishani. Mara nyingi yumo. Anahojiwa na mama mwenye watoto wanne: «Wewe utanisaidia nini?» naye mfukoni ana nauli ya kurudi tu. Wengine hutoa hiyo nauli wakatembea kwa miguu. Wengine husikia mambo yasiyosikika kirahisi, wakayabeba peke yao, kwa sababu msimamizi wao anataka jedwali. Kisha kazi ikichapishwa ng'ambo, aliyetembea na kusikia hatajwi, au hutajwa mwishoni pamoja na madereva.

Sasa ombi letu. Pesa hatukuja kuomba. Sisi wanne tumeanzisha kibubu kidogo cha kumkopesha kijana kodi ya miezi miwili bila riba posho inapochelewa, na mwenye kutaka kutia chochote atajua pa kutupata. Tunachoomba kwenu ni vitu ambavyo chuo hakiwezi kutoa.

Wengi wenu ni wenye nyumba. Tulipotaja habari hii kwa baadhi yenu majuma mawili yaliyopita, mzee mmoja alituuliza kwa upole lakini waziwazi: «Mnataka kijana aje kutuandika kwamba sisi ndio wabaya?» Ni swali la haki. Tulimjibu hivi, na tunalirudia jibu mbele yenu. Yule aliyetia kufuli katika mlango wa binti yetu hakuwa zimwi wa hadithi. Ni mjane anayesomesha wajukuu kwa kodi ya vyumba vitatu, na miezi mitano bila kodi ni mihula miwili ya karo. Katika vitabu vya makazi mpangaji ana sura yake, na mwenye nyumba mdogo mara nyingi hana, kwa sababu hakuna anayemuuliza naye hapendi kuulizwa. Mna madaftari ya kodi ya baba zenu na babu zenu, mengine yameandikwa kwa Kigujarati, yamo makabatini yanaliwa na mende. Humo mna kodi ya chumba mwaka baada ya mwaka, gharama ya maji, chokaa, mabati, miezi aliyosamehewa mpangaji aliyefiwa. Mtafiti kijana angepewa ayasome hapo hapo mezani kwenu, majina yakifunikwa, angeweza kuandika historia ya kodi katika mji huu ambayo haimo katika jalada lolote la serikali. Akiandika jambo msilolipenda, mwiteni mjibizane naye. Atafaidika naye, nasi tutakuwepo.

Jambo la jikoni ni la kuzungumza kwa uangalifu. Akina mama mnaogawa chakula langoni mnawajua wanaolala nje kwa sura na kwa tabia. Mnajua nani hali pilipili, nani ameacha kuja tangu masika. Vijana wetu wangejifunza kwenu zaidi ya wanavyojifunza kwetu, na tungependa waje wakae nanyi wakiosha sufuria. Ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alipendekeza kwamba vijana waje na hojaji zao siku ya kugawa chakula, kwa kuwa watu wamekusanyika tayari. Tumekataa, na tunaomba kamati nayo ikatae. Mtu aliyeshika sahani mbele ya anayempa chakula hana uhuru wa kusema «sitaki kujibu». Chakula kikianza kulipiwa kwa majibu, hata kwa mbali, hata kwa tabasamu, kitakuwa kimegeuka bidhaa. Kijana akitaka kumhoji mtu aliyemwona langoni, na amtafute siku nyingine, mahali pengine, amwombe kama anavyomwomba yeyote mwenye nyumba.

Wazee wa hapa mtakumbuka habari za dharamshala, na majirani Waislamu mtakumbuka musafirikhana. Mgeni aliyeshuka jahazini hakuulizwa maswali mengi usiku ule. Alipewa pa kulala, akaulizwa kesho. Sisi tulisoma makazi vyuoni kwa miaka mingi, na kwa binti yetu tuliufuata mpango wa kinyume chake.

Lililobaki ni chumba. Juu ya ukumbi huu, tukipanda zile ngazi ambazo magoti yetu mengine hayazipendi tena, kuna chumba kilichokuwa darasa la Kigujarati. Kina meza mbili, dirisha la upande wa bahari, na taa inayofanya kazi; tumekwenda kukiangalia kwa ruhusa ya mweka hazina. Tunaomba jioni mbili kwa juma, Jumanne na Alhamisi, baada ya arati hadi saa nne za usiku. Watafiti chipukizi watano au sita wataketi humo waandike, wasomeane, waulizane maswali. Mmoja wetu atakuwepo kila jioni, na la kwanza atakalouliza halitahusu sura ya pili. Wanaotoka kazini saa kumi na moja hawana pengine pa kuandikia, kwani chumba cha kupanga chenye watu wanne na televisheni moja si mahali pa kuandika.

Zile daftari nane ziko nyumbani kwa mmoja wetu, katika sanduku la bati, pamoja na vidonge vya nondo. Kuna waliotushauri tuzitoe sisi kama kitabu, kwa kuwa habari zilizomo zinazidi kuchakaa. Hatuwezi. Watu wale walimwamini yeye, na ahadi waliyopewa ilitoka kinywani mwake. Mwezi uliopita tulimwandikia binti huyo barua, jambo ambalo tulipaswa kulifanya siku nyingi, na ndani yake tulimwomba radhi. Alijibu baada ya siku tisa. Yuko tayari kumalizia, kwa masharti matatu: jina lake litangulie, asisimamiwe tena kwa simu, na apate mahali pa kukaa jioni akitoka dukani. La kwanza na la pili tumemkubalia. La tatu tumemwambia asubiri mpaka kamati ya hekalu ikutane.